Safari ya Gari Katika Delta ya Mississippi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Blues, Barabara na Chakula

Majibu haya yanahusu kaskazini-magharibi ya jimbo la Mississippi, Marekani, kuanzia Memphis kushuka hadi Vicksburg. Umbali tumeuandika kwa kilomita ingawa vibao vya huko ni vya maili. Saa ni za Kiswahili: saa 2 usiku ndiyo 8 p.m. utakayoiona kwenye mabango.

## Mambo ya mwanzo

1. Delta ya Mississippi ni pale mto unapoingia baharini?

Hapana. Mto unaingia baharini chini ya New Orleans, mbali sana na huku. Delta ya blues, muziki wa Wamarekani Weusi, ni tambarare kati ya mto Mississippi na mto Yazoo, yenye urefu wa takriban kilomita 320, na udongo wake mweusi uliletwa na mafuriko ya karne nyingi. Misitu ilifyekwa, ikapandwa pamba. Wakulima Weusi, wengi wao watoto na wajukuu wa watumwa, walilima kwa mkataba wa kugawana mavuno na mwenye shamba, na mara nyingi hesabu za mwisho wa mwaka ziliwaacha na deni. Huko ndiko walikotoka wanamuziki wa blues Charley Patton, Muddy Waters na B.B. King.

Mwaka 1944, katika shamba la Hopson nje kidogo ya Clarksdale, zao zima la pamba lilipandwa na kuvunwa kwa mashine bila vibarua wa kuchuma. Weusi kuhamia Chicago, kaskazini, kulikuwa kumeshaanza zamani. Mashine iliongeza kasi, na muziki ukaenda na watu. Ndiyo maana leo unapita vijiji vyenye nyumba tupu nyingi kuliko watu. Usitegemee mji wa maonyesho. Ni mashamba, barabara ndefu, na sehemu chache zinazofunguliwa mwenyewe akiwepo.

2. Siku ngapi zinatosha, na njia ipi?

Lala usiku nne, na anza Alhamisi. Vilabu vingi hupiga muziki kati ya Alhamisi na Jumamosi. Ukianza Jumapili utazunguka mbele ya milango iliyofungwa.

Alhamisi: Memphis hadi Clarksdale kwa barabara ya 61, kama kilomita 120, saa moja na nusu. Ijumaa: Clarksdale na vijiji vyake, ukipenda, vuka daraja uende Helena, Arkansas, ambako kituo cha redio cha KFFA kilianzisha kipindi chake cha blues cha mchana Novemba 1941. Jumamosi: Mound Bayou, Cleveland, shamba la Dockery alikoishi Charley Patton, kisha Indianola. Jumapili: Greenwood na Money (tazama pia swali la 18). Jumatatu: Greenville, halafu Vicksburg, au urudi Memphis.

Watu wengi hutaka kufika New Orleans ndani ya siku hizohizo. Inawezekana, ila utakuwa umeiona Delta kupitia kioo tu.

3. Miezi ipi ni mizuri?

Aprili na Oktoba. Aprili kuna tamasha la Juke Joint Festival mjini Clarksdale. Oktoba kuna tamasha la blues la King Biscuit kule Helena na tamasha la tamale (swali la 16) Greenville, na pamba iko mashambani. Wikiendi za matamasha vyumba huisha miezi kadhaa kabla, na waliokosa hulala Memphis wakaendesha.

Julai na Agosti joto hupita nyuzi 33 na unyevu wake ni wa Tanga mwezi wa Februari, bila upepo wa bahari. Mbu ni wengi jioni. Kuanzia Machi hadi Mei jihadhari na vimbunga vya nchi kavu, yaani tornado (swali la 19).

4. Nibebe fedha taslimu?

Ndiyo, noti ndogondogo. Kiingilio cha kilabu kwa kawaida ni dola 10 hadi 20, na mlangoni wengi hawapokei kadi. Ndoo ya kuwatunza wanamuziki nayo inataka noti. Kwenye mgahawa wenye mhudumu, acha bakshishi ya asilimia 15 hadi 20. Mshahara wake umepangwa kwa kutegemea hiyo. Bei ya menyu haina kodi ndani yake, na kodi ya mauzo ya jimbo ni asilimia 7.

## Barabarani

5. Leseni ya Tanzania au Kenya inakubaliwa?

Beba leseni yako halisi pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva. Kibali hicho hutolewa nchini kwako kabla ya kuondoka. Ukishafika Marekani huwezi kukipata. Kampuni za magari hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva, si kadi ya kawaida ya benki, na huzuia amana mpaka urudishe gari. Walio chini ya miaka 25 hutozwa nyongeza ya kila siku, na walio chini ya 21 kwa kawaida hawapewi gari.

6. Ninayeendesha kushoto nitazoea upande wa kulia?

Kwa anayetoka Kongo, Rwanda au Burundi hakuna jipya. Wa Tanzania, Kenya na Uganda huzoea mapema, na hapo ndipo hatari ilipo. Makosa hayatokei mjini kwenye magari mengi, kwa kuwa unafuata wenzako. Hutokea asubuhi unapotoka kituo cha mafuta kwenye barabara tupu, mkono ukakupeleka kushoto. Kumbuka kwamba dereva anatakiwa awe upande wa katikati ya barabara, abiria upande wa ukingo.

Taa nyekundu: unaruhusiwa kukata kulia baada ya kusimama kabisa, isipokuwa kibao kikikataza. Njia panda yenye vibao vinne vya STOP: aliyefika kwanza ndiye anayepita kwanza. Basi la shule la njano likiwasha taa nyekundu kwenye barabara isiyo na kigawanyo, magari ya pande zote mbili husimama. Kwenye sehemu pana za 61 mwendo ni maili 65, yaani kilomita 105 kwa saa, na hushuka ghafla ukiingia mjini.

Msimu wa mavuno kuna matrekta na mashine pana za kuvunia barabarani. Usiku yanaonekana umechelewa.

7. Pampu ya mafuta inanidai namba ya posta. Nifanye nini?

Inataka namba ya eneo la mwenye kadi, na kadi ya nje haina namba ya Kimarekani. Ingia dukani, taja namba ya pampu, lipa kwa mfano dola 40 kwanza, kisha ujaze. Kisichotumika hurudishwa. Mpini wa kijani mara nyingi ni wa dizeli, basi soma maandishi kabla ya kuchomeka. Kati ya miji vituo viko mbalimbali. Jaza tanki likifika nusu.

8. Polisi wakinisimamisha?

Egesha kulia, zima injini, shusha kioo, weka mikono juu ya usukani. Usishuke. Kwetu dereva hushuka kumfuata askari kwa heshima. Huko kushuka kunamtia askari wasiwasi. Sema kabla ya kuchukua karatasi: "leseni iko mfukoni, naichukua". Faini hailipwi barabarani, na kutoa pesa mkononi ni kosa kubwa kuliko lile la mwendo.

9. Makaburi ya wanamuziki yanafikika kwa gari dogo?

Mengi, kukiwa kukavu. Kaburi la Charley Patton liko Holly Ridge, kati ya Indianola na Leland. La Sonny Boy Williamson wa pili liko nje ya Tutwiler. Barabara za changarawe si tatizo. Tatizo ni udongo wa mfinyanzi unaoitwa gumbo: mvua ikinyesha unanata kwenye tairi mpaka gurudumu halizunguki. Ukiona njia ya shamba imeng'aa kwa maji, egesha kwenye lami utembee. Mtandao wa simu hukatika, kwa hiyo pakua ramani mapema.

## Muziki

10. Nitasikia wapi blues ya wenyeji?

Clarksdale kwanza. Ground Zero, ambayo Morgan Freeman ni mmoja wa wamiliki wake, ina jukwaa kubwa, chakula na ratiba ya uhakika. Wanaotaka chumba kidogo chenye taa nyekundu na mpiga gitaa aliyeketi mita mbili kutoka kwao watafute vilabu vya juke, yaani vibanda vidogo vya muziki na dansi. Ratiba ya wiki utaipata dukani Cat Head, katikati ya mji. Ingia mchana, nunua kitu, uliza nani anapiga leo. Jibu la pale ni la kuaminika kuliko tovuti yoyote ya watalii.

Vilabu hivi ni vya mtu. Po' Monkey's, kibanda maarufu kilichokuwa shambani karibu na Merigold, kilifungwa mwenyewe Willie Seaberry alipofariki mwaka 2016. Ndiyo sababu tunasisitiza kuuliza: orodha iliyochapishwa miaka mitatu iliyopita inaweza kukupeleka kwenye mlango wenye kufuli.

Ukiwa na siku ya ziada, nenda Bentonia, kusini kidogo ya Yazoo City. Blue Front Cafe ilifunguliwa mwaka 1948 na wazazi wa Jimmy "Duck" Holmes, naye ndiye aliyeirithi. Nyuzi za gitaa la Bentonia hukazwa kwa ngazi ya "minor", ile yenye huzuni, sauti yake ni ya baridi na haifanani na ya Clarksdale. Kwa maoni yetu ndiyo nusu siku bora ya safari nzima.

11. Adabu ya ndani ya kilabu ni ipi?

Muziki huanza kama saa 2 au 3 usiku. Lipa mlangoni, salimia, nunua kinywaji hata kama ni soda. Usisimame kwenye uwanja wa kuchezea ukiwa na simu juu. Picha moja au mbili hazina neno. Video ya wimbo mzima omba ruhusa. Ndoo ikipita, dola 5 kwa kila awamu ndiyo kiwango cha chini cha heshima. Pombe ni kuanzia miaka 21, na hata mwenye mvi anaweza kudaiwa kitambulisho. Baadhi ya vilabu bado vina moshi wa sigara.

Wakubwa huitwa "ma'am" na "sir", au "Miss" na "Mister" mbele ya jina la kwanza. Aliyelelewa kwa shikamoo hatapata shida. Atakayemwita mama wa mgahawa kwa jina tupu ataonekana hana malezi.

12. Njia panda ambako Robert Johnson aliuza roho yake iko wapi?

Hadithi kwamba mpiga gitaa huyo alimpa shetani roho yake ili apewe ufundi wa gitaa haina anwani. Mnara wenye magitaa ya bluu, makutano ya 61 na 49 Clarksdale, ni wa kupigia picha. Dakika tano zinatosha. Yanayojulikana ni haya: Johnson alirekodi nyimbo 29, San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937, akafariki karibu na Greenwood tarehe 16 Agosti 1938. Kuna mawe matatu ya kaburi sehemu tatu tofauti. La kanisa la Little Zion, kwenye barabara ya Money kaskazini ya Greenwood, ndilo linalokubaliwa na wengi.

13. Nikiwa na muda wa makumbusho mawili tu?

Delta Blues Museum, Clarksdale, iliyo katika stesheni ya mizigo ya mwaka 1918, ina mabaki ya nyumba ya mbao alimoishi Muddy Waters katika shamba la Stovall. Hufungwa Jumapili. Ya pili ni ya B.B. King, Indianola, iliyofunguliwa mwaka 2008. Kaburi lake liko hapohapo. Ipe saa mbili na nusu. Vibao vya bluu vya historia ya blues, viitwavyo Mississippi Blues Trail, ni zaidi ya 200. Chagua vitano, wanaovikimbiza vyote humaliza siku wakisoma mabati.

14. Kuna maeneo ya historia nje ya muziki ambayo hayafai kupitwa?

Mound Bayou, mji ulioanzishwa mwaka 1887 na Weusi waliokuwa watumwa. Ruleville, penye kaburi na sanamu ya Fannie Lou Hamer, mpigania haki ya Weusi kupiga kura. Sumner, mahakama ambamo mwaka 1955 Wazungu waliomuua Emmett Till, mtoto Mweusi wa miaka 14, waliachiwa huru. Ng'ambo ya barabara kuna kituo cha kumbukumbu, na wenyeji hueleza vizuri kuliko vitabu. Mbele ya gereza la Parchman usisimame wala kupiga picha walinzi.

## Chakula

15. Mchana watu wanakula nini?

Sahani ya nyama moja na mboga mbili au tatu, pamoja na mkate wa mahindi, kwa dola 12 hadi 16. Hutolewa saa 5 asubuhi hadi saa 8 mchana, ikiisha imeisha. Fika kabla ya saa 6. Utakachokutana nacho hakitakushangaza: majani ya collard ni ndugu wa sukuma wiki, kunde na bamia zilitoka Afrika, na grits ni unga wa mahindi wa chengachenga uliopikwa laini kati ya uji na ugali, ukatiwa siagi. Tofauti iko kwenye kupika. Sukuma ya kule huchemshwa saa nzima au zaidi pamoja na mfupa wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi, na supu yake hunywewa. Chai ya barafu huja na sukari tayari. Sema mapema kama hutaki.

16. Tamale za Delta ni zipi, na kwa nini ziko Mississippi?

Ni nyama yenye pilipili iliyozungushiwa unga wa mahindi, ikaviringwa kwenye ganda la hindi na kuchemshwa. Asili yake inabishaniwa. Maelezo yanayorudiwa zaidi ni kwamba vibarua wa Kimeksiko na Weusi walikutana kwenye mashamba ya pamba mwanzoni mwa karne ya 20. Chakula kilichofungwa kikakaa na moto kilifaa shambani. Mwaka 1936 Robert Johnson alikuwa tayari amerekodi wimbo wa muuza tamale.

Zinatofautiana na za Meksiko kwa mambo matatu. Ni ndogo. Hutumia unga wa kawaida badala ya ule uliotibiwa kwa chokaa. Na hazipikwi kwa mvuke, bali huchemka ndani ya maji yenye viungo, ndiyo maana hufika mezani zikidondoka mchuzi mwekundu. Agiza tatu, sita au dazeni. Huja zimefungwa tatutatu kwa uzi, na biskuti za chumvi pembeni. Fungua ganda, usilile.

Greenville hujiita mji mkuu wa tamale. Doe's Eat Place, ya mwaka 1941, hupika jioni tu, na nyama yake ya kuchoma hutosha watu wawili. Zamani ubaguzi uliendeshwa kinyume pale: Weusi waliingia mbele, Wazungu mlango wa nyuma wa jikoni. Majina mengine yanayojulikana ni Hicks na Abe's wa Clarksdale, na White Front wa Rosedale.

17. Naweza kuzipika nyumbani Dar au Nairobi?

Ndiyo, na kwa urahisi kuliko za Meksiko, kwa sababu ya ule unga. Tumia dona, sembe laini sana hugeuka gundi.

Chemsha kilo 1.5 ya nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa mpaka ichambuke, uhifadhi supu. Ichambue, kaanga na vitunguu saumu, paprika, bizari nyembamba, pilipili ya unga na chumvi. Changanya nusu kilo ya dona, gramu 200 za mafuta ya kuganda, vijiko vidogo 2 vya baking powder na 2 vya chumvi. Ongeza supu ya moto kidogokidogo, kama mililita 800, mpaka upakike kwa kijiko bila kumwagika. Loweka maganda ya mahindi makavu kwenye maji moto saa mbili. Paka unga, weka nyama mstari, viringa, kunja mwisho mmoja, funga tatu pamoja. Zisimamishe kwenye sufuria, upande ulio wazi juu, mwaga maji yenye viungo vilevile hadi karibu na midomo, chemsha taratibu saa moja.

Ukizilaza, nyama hutoka. Moto mkali huzipasua. Ganda likivunjika wakati wa kuviringa, halikulowa. Unga ukinata kwenye ganda baada ya kuiva, umepunguza mafuta au umezitoa mapema. Zikae dakika 15 nje ya moto kabla ya kufungua.

18. Sili nguruwe, na Jumapili kila kitu kimefungwa. Nile nini?

Uliza juu ya mafuta na supu, sio nyama pekee. Tamale za ng'ombe zinaweza kuwa na mafuta ya nguruwe kwenye unga. Sukuma, maharage na hata kabichi hupikwa na mfupa wake. Swali lililo wazi ni: "Kuna nguruwe ndani ya sufuria?" Wengine siku hizi hutumia bata mzinga wa kukaushwa. Nyama halali iliyochinjwa utaipata Memphis. Nunua ukiwa huko.

Kambale wa kukaanga ndiye kimbilio la wengi. Eneo la Belzoni linajulikana kwa mabwawa yake, na viwanda huonja sampuli kabla ya kuvua, kwa kuwa mwani wa bwawa humtia samaki ladha ya tope. Hupakwa unga wa mahindi na kukaangwa kwenye mafuta ya nyuzi 180 hivi. Mafuta yakipoa unga hunyonya na samaki hulegea. Uliza kama mafuta hayo yamekaanga nguruwe. Wasabato na Mashia Ithnaasheri wajue kambale hana magamba, basi wachague kuku.

Jumapili, migahawa michache hufunguliwa baada ya ibada. Ukienda kanisani, vaa vizuri, usirekodi, na weka chochote kwenye sadaka. Ibada inaweza kuzidi saa mbili.

## Mambo ya pembeni

19. Simu ikilia kwa tahadhari ya kimbunga nikiwa njiani?

"Watch" maana yake hali inaruhusu kimbunga: endelea, lakini jua jengo la karibu liko wapi. "Warning" maana yake kimeonekana kwa macho au kwa rada: ingia jengo la kudumu, chumba cha ndani kisicho na dirisha, ghorofa ya chini. Usijifiche chini ya daraja, usishindane nacho kwa gari. Rolling Fork, inayohusishwa na kuzaliwa kwa Muddy Waters, ilibomolewa na kimbunga usiku wa tarehe 24 Machi 2023.

20. Siendeshi. Inawezekana?

Kwa sehemu. Treni ya City of New Orleans husimama Memphis, Marks, Greenwood, Yazoo City na Jackson, mara moja kwa siku kila upande. Shuka Greenwood, au Marks ambayo iko kama kilomita 30 kutoka Clarksdale, ukiwa umeshapanga mtu wa kukupokea, kwa kuwa hakuna teksi zinazosubiri. Weka Clarksdale kuwa kambi: makumbusho, vilabu na chakula vyote viko umbali wa kutembea. Dockery na Bentonia utazikosa, isipokuwa umkodi dereva wa siku nzima, na bei mpatane kabla hamjatoka.